DOLA ZA UDUGU ZAENDA WAPI?

Ndugu wanachama, huko Marekani vyama vya udugu vya wanavyuo, vya wavulana na vya wasichana, vina mfuko wa siasa tangu 2005. Waliomaliza masomo hutoa dola, dola huwasaidia wagombea wa Bunge, kisha Wabunge huombwa michango ya kujengea mabweni ya vyama hivyo isamehewe kodi. Haya, sisi tuliolala kwa kubanana katika chuo cha ualimu twajua thamani ya paa, hatumlaumu anayelitaka.

Lakini mwaka 2012 Mbunge Frederica Wilson wa Florida alitaka anayewatesa wanachama wapya, ambao wengine hufa, anyimwe msaada wa masomo wa Serikali. Mfuko ulimpinga! Sheria ya nchi nzima juu ya mateso hayo ilitiwa sahihi Desemba 2024, na safari hiyo vyama vyenyewe viliiunga mkono. Kwa nini vijana wangoje miaka 12?

Wasichana 22 weusi wa Howard walianzisha Delta Sigma Theta Januari 1913. Machi walikwisha kuandamana Washington kudai kura ya wanawake. Mfuko hawakuwa nao.

Twasema wazi: mwenye kutoa dola aulize, kabla ya kutoa, Mbunge ataambiwa nini.