Meli tuliikamata, kesi ikatuponyoka

Ukitaja "samaki wa Magufuli" kijiweni, kila mtu atakusimulia samaki walivyogawiwa. Wachache sana watakuambia kesi iliishaje. Mimi nasoma sheria, na kwangu mwisho wa kesi ndiyo habari yenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Machi 2009, doria ya pamoja ya nchi za ukanda huu ilikuwa baharini kwa meli ya Afrika Kusini, Sarah Baartman. Ndani ya ukanda wetu wa kiuchumi wakaikuta Tawariq 1 ikivua bila leseni, ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Meli ikaletwa Dar es Salaam. Waziri wa Mifugo na Uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli. Samaki wakagawiwa, picha zikapigwa, nchi nzima ikashangilia.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikamtia hatiani nahodha na wakala wa meli. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta kila kitu. Kwa nini? Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema asiye raia akishtakiwa kwa kosa lililotendeka baharini ndani ya maili 200, lazima kwanza Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, atoe kibali na hati yake. Kibali hicho hakikuwepo pale kesi ilipoanza. Basi. Miaka mitano ya kesi, watu wamekaa mahabusu, meli imechakaa bandarini, samaki wameshaliwa, halafu kesi inaanguka kwa karatasi ambayo ingeandikwa kwa siku moja.

Makamanda, hapo kuna somo kubwa kuliko samaki. Ushirikiano wa kikanda ulifanya kazi yake. Meli ya nchi nyingine ilisafiri mpaka kwetu kutusaidia kukamata mwizi. Kilichoshindwa ni sisi kufuata sheria tuliyoitunga wenyewe.

Najua wapo watakaosema, "Hizo ni mbinu za mawakili tu, mwizi ni mwizi." Jamani, tuwe makini na kauli hiyo. Akikamatwa kijana wetu kwenye mkutano, wa kwanza kupiga kelele ni sisi: hati ya mashtaka iko wapi, dhamana iko wapi, kwa nini hajafikishwa mahakamani? Utaratibu unaomlinda kijana wa Songea ndio huo huo unaomlinda nahodha mgeni. Hatuwezi kuudai asubuhi na kuudharau jioni.

Na kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari mwaka 1985. Ibara ya 73 inaturuhusu kukamata meli inayoiba kwenye ukanda wetu wa kiuchumi. Lakini inataka meli na mabaharia waachiwe haraka wakiweka dhamana inayofaa, na inasema adhabu ya makosa ya uvuvi katika ukanda huo isiwe kifungo, isipokuwa kama nchi husika zimekubaliana hivyo. Kwa maneno mengine, dawa ya mwizi wa bahari kuu ni kumfilisi. Mtoze faini inayouma, taifisha samaki na zana. Mwenye meli haogopi baharia wake kukaa gerezani. Anaogopa kupoteza hela.

Sasa utaniuliza, binti wa Songea bahari inakuhusu nini? Inanihusu sana. Mto Ruvuma unaanzia hapa kwetu, milima ya Matogoro. Unashuka, unakuwa mpaka wetu na Msumbiji, unamwaga maji Bahari ya Hindi. Pale unapoingia baharini, upande wetu, kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 mkoani Mtwara. Kuna mikoko, matumbawe na mazalia ya samaki. Udongo unaomomonyoka Matogoro, na tope la uchimbaji wa vito kwenye mito ya Tunduru, haviishii Tunduru. Tope likizidi baharini, matumbawe yanakosa mwanga na kufunikwa. Tumbawe likifa, samaki wadogo hawana pa kujificha, na mvuvi wa Msimbati anarudi na mtumbwi mtupu bila kujua kwamba tatizo lake lilianzia mlimani kwetu.

Sheria ya hilo ipo pia. Nchi kumi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, ziko ndani ya Mkataba wa Nairobi wa kulinda mazingira ya bahari na pwani, uliopitishwa 1985 na kuanza kutumika 1996. Mwaka 2010 ikapitishwa itifaki inayohusu uchafuzi unaotoka nchi kavu, yaani sisi wa bara. Tanzania na Msumbiji zina makubaliano ya mwaka 2006 ya tume ya pamoja ya maji ya Mto Ruvuma. Hapa nyumbani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nenda kaangalie mto wowote karibu na wewe kama mita hizo 60 zipo.

Kwa hiyo tatizo letu siyo uhaba wa mikataba. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, na kuisimamia Serikali. Bunge lililojaa wabunge wa chama kimoja linaridhia kwa makofi, kisha hakuna anayeuliza utekelezaji umefika wapi.

Sisi tuulize. Mambo matatu, na tuyaweke kwenye ajenda ya vijana.

La kwanza, mikataba yote ya bahari na mito tuliyoridhia itafsiriwe kwa Kiswahili na iwekwe wazi. Mvuvi na mkulima hawawezi kutii wala kudai wasichokisoma.

La pili, kila meli ya uvuvi inayokamatwa, Serikali ieleze bungeni kesi imeishaje na faini imelipwa kiasi gani. Tumechoka kupewa picha za siku ya kukamata tu.

La tatu, madiwani na wagombea wetu wa Ruvuma walibebe suala la Matogoro na mita 60, wakianza na kuwapatia wananchi wanaolima pale eneo mbadala. Kumfukuza mkulima bila kumpa pa kwenda ni uonevu, na kesho atarudi usiku.

Jodari hajui mpaka. Leo yuko Ushelisheli, kesho Pemba, keshokutwa Msumbiji. Hakuna nchi itakayomlinda peke yake. Lakini majirani watatuamini vipi kama wanatusaidia kukamata, halafu sisi tunaangusha kesi nyumbani? Chama kinachotaka kuongoza nchi hii kianze kuonyesha sasa kwamba kinasoma sheria kabla ya kupiga picha.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, Songea.