Umeme wa Kijiji na Mkono wa Sheria Nchini Kenya

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wananchi wa Mbuiru, upande wa Mlima Kenya, waliamua kuutumikisha mto wao. Kaya zipatazo 200 ziliungana, zikanunua hisa na kutoa nguvu zao katika ujenzi. Kwa msaada wa Wizara ya Nishati na mafundi wa shirika la ITDG, mtambo wa Tungu-Kabiri ukajengwa, wenye uwezo wa kilowati 18.

Umeme huo ukigawanywa kwa kaya 200, kila moja hupata wati 90 tu. Kwa hiyo ulielekezwa kwenye kituo cha shughuli za kijiji, kama vile kuchomelea vyuma na kuchaji betri.

Hata hivyo, jasho pekee halitoshi. Hapana budi sheria nayo ifuatwe. Kwa mujibu wa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, anayezalisha umeme usiozidi megawati 1 kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni. Mambo hubadilika pale waya unapovuka ua kwenda kwa jirani anayelipa. Hapo ni biashara, nayo husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, ambayo pia huidhinisha bei. Maji ya mto nayo huhitaji kibali, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016.

Masharti hayo yana maana. Waya mbovu huua, na mnunuzi asiye na mtetezi hutozwa apendavyo muuzaji. Lakini kikundi cha wakulima hakina wanasheria kama kampuni kubwa. Kukitaka kipite mlango ule ule ni kukichosha kabla taa haijawaka. Ulinzi ubaki, bali karatasi zipungue.

Kwa upande wake, mwenye nyumba anayeombwa fedha za hisa yampasa aulize mapema: Je, kikundi kimeandikishwa? Kibali cha maji kimepatikana? Umeme utatumiwa na wanachama au utauzwa? Ni nani atakayeweka akiba ya matengenezo? Na gridi ya taifa ikifika kijijini, mtambo utakuwa wa nani? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya mkutano, na kila mwanachama apewe nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari.