Lugha ya Kubuni Mbele ya Wasemaji Wake: Maoni Kuhusu Sauti na Sarufi ya Kiesperanto

Utangulizi

Katika mijadala ya isimu, lugha za kubuni hupewa mojawapo ya hukumu mbili. Hukumu ya kwanza ni kwamba hizo si lugha bali ni michezo ya wasomi, na kwa hiyo hazistahili nafasi katika mitaala ya idara za lugha. Hukumu ya pili, ambayo hutolewa na mashabiki wake, ni kwamba lugha hizo ni nyepesi na hazina upande, hata Mwafrika, Mwasia na Mzungu husimama mbele yake wakiwa sawa. Makala haya yanashikilia kwamba hukumu zote mbili zina kasoro, na kwamba kasoro hizo hudhihirika mara tu lugha inayohusika inapochunguzwa kwa zana zile zile zinazotumika kuchunguza Kiswahili au Kisukuma.

Suala hili si la anasa. Neno "bandia" linalotumiwa kuzibeza lugha za kubuni ndilo ambalo limekuwa likirushiwa Kiswahili Sanifu tangu kamati ya kukisanifisha ilipoanza kazi mwaka 1930, na ndilo linalorushiwa istilahi mpya hadi leo. Kwa hiyo, anayeamua ni nini kinachoifanya lugha ya kubuni iwe lugha, anaamua pia jinsi ya kuutazama upangaji wa lugha yake mwenyewe. Mfano utakaotumika hapa ni Kiesperanto, kilichotangazwa na L. L. Zamenhof mwaka 1887, ambacho sheria zake 16 za msingi zilithibitishwa katika mkutano wa Boulogne-sur-Mer mwaka 1905. Lugha hiyo si ngeni kabisa katika mazingira yetu: kongamano lake la dunia la mwaka 2024 lilifanyika Arusha, likiwa la kwanza kufanyika katika bara la Afrika.

Mfumo wa sauti

Msemaji wa Kiswahili anayekikabili Kiesperanto kwa mara ya kwanza hujiona yuko nyumbani. Irabu ni tano, a, e, i, o, u. Kila herufi ina sauti yake moja. Mkazo, kwa mujibu wa sheria ya kumi, huwekwa daima katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika jambo hili Kiesperanto kina unyoofu kuliko hata Kiswahili, ambacho kina maneno machache ya mkopo kama "lazima", ambayo wasemaji wengi huyatamka kwa mkazo katika silabi ya kwanza.

Hata hivyo, ukaribu huo unakomea kwenye irabu na mkazo. Mfumo wa konsonanti unasimulia habari nyingine. Kiesperanto kina kizuiwa-kwamizi cha ufizi, kinachoandikwa c na kutamkwa kama ts, na kikwamizi ghuna cha kaakaa gumu, kinachoandikwa ĵ. Sauti hizo ni za kawaida katika Kipolandi na Kirusi, lugha zilizosemwa Białystok alikozaliwa Zamenhof mwaka 1859, lakini si fonimu za Kiswahili. Zito zaidi ni muundo wa silabi. Kiswahili hupendelea silabi wazi, ilhali Kiesperanto huruhusu mfuatano kama ule wa "knabo" (mvulana), "ŝtrumpo" (soksi ndefu) na "scii" (kujua), ambalo huanza kwa mfuatano wa s na ts. Orodha fupi ya fonimu, basi, si hoja tosha ya wepesi. Wepesi wa sauti hutegemea pia jinsi fonimu hizo zinavyoruhusiwa kukaa pamoja, na katika hilo mbunifu alifuata masikio ya Ulaya ya Mashariki.

Linalovutia zaidi ni yale yaliyotokea baada ya mbunifu kuiachia lugha yake. Kikwamizi cha kaakaa laini, kinachoandikwa ĥ na kulingana na kh ya Kiarabu, kimekuwa kikipungua. "Ĥemio" (kemia) imekuwa "kemio", na "arĥitekto" (msanifu majengo) imekuwa "arkitekto". Hakuna sheria miongoni mwa zile 16 iliyoagiza mabadiliko hayo. Ni watumiaji walioona sauti hiyo inawalemea. Lakini hawakuiondoa kiholela. "Ĥoro" (kwaya) haikuweza kuwa "koro", kwa kuwa "koro" ni moyo. Ikachukuliwa "koruso" badala yake. "Eĥo" (mwangwi) imebaki na ĥ yake kwa kuwa "eko" ni mwanzo. Sauti imerudi nyuma pale ambapo haikuhitajika kutofautisha maana, na imesimama pale ambapo kuondoka kwake kungezaa utata.

Mwanaisimu wa Kiswahili anaujua mchakato huo. Kh ya "khabari" na "kheri" imekuwa h katika matamshi na maandishi ya wengi, huku ikidumu katika majina ya watu na katika usemi wa baadhi ya wenyeji wa pwani. Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916, aliuliza iwapo Kiesperanto kingeweza kuikwepa kanuni ya mabadiliko endapo kingeenea. Historia ya ĥ inatoa jibu: hakikuikwepa. Na kitu kinachobadilika kwa kufuata mantiki ya mfumo wake ni vigumu kukiita mchezo.

Maumbo na sarufi

Katika mofolojia, Kiesperanto ni lugha ambishi bainishi: mizizi haibadiliki, na viambishi hupangwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na maana yake. Neno "malsanulejo" (hospitali) huchanganuliwa kuwa mal-san-ul-ej-o, yaani kinyume, uzima, mtu, mahali, na alama ya nomino. Kutokana na "longa" (-refu) hupatikana "longigi" na "longiĝi", kama vile Kiswahili kinavyotoa "refusha" na "refuka". Mwanafunzi aliyefundishwa minyambuliko ya vitenzi vya Kibantu hahitaji maelezo marefu hapa.

Upatanisho wa kisarufi nao haumshangazi. Katika sentensi "Mi legas bonajn librojn" (Ninasoma vitabu vizuri), kivumishi hubeba alama ya wingi kama nomino yake, sawa na vi- ya "vizuri". Lakini kivumishi hicho hicho hubeba pia -n ya yambwa, jambo ambalo Kiswahili hulieleza kwa mpangilio wa maneno na kwa kiambishi cha yambwa ndani ya kitenzi. Isitoshe, mzungumzaji hulazimika kuchagua kati ya "li" ya mwanamume na "ŝi" ya mwanamke, ilhali Kiswahili hutosheka na "yeye" na kiambishi a-. "Patrino" (mama) huundwa kwa kuongeza -in- kwenye "patro" (baba), kana kwamba mama ni tawi la baba. Mpangilio huo haukutokana na mantiki tupu; ni desturi ya lugha ambazo mbunifu alizijua. Katika miongo ya karibuni baadhi ya watumiaji wameanza kutumia "ri" kwa mtu wa jinsia yoyote, na wengine wanalipinga umbo hilo. Mjadala bado unaendelea.

Mfano mwingine ni ule wa vitenzi katika kauli ya kutendwa. Sheria ya sita iliorodhesha viambishi -at- na -it-, lakini matumizi yake yaliwagawa wasemaji kwa muda mrefu. Je, -it- huonyesha njeo, yaani wakati uliopita, au huonyesha hali, yaani tendo lililokamilika? Mwaka 1967 Akademia ya Kiesperanto iliamua kuunga mkono hali. Kwa msemaji wa Kiswahili tofauti hiyo ni bayana: "la libro estis vendata" ni "kitabu kilikuwa kikiuzwa", na "la libro estis vendita" ni "kitabu kilikuwa kimeuzwa". Inaonekana hapa kwamba sheria iliyoandikwa kwa uwazi haikutosha kuondoa tofauti za tafsiri, kwa sababu kila msomaji aliisoma kwa sarufi aliyokuwa nayo kichwani.

Funzo kwa upangaji wa Kiswahili

Hoja ya wapinzani wa lugha za kubuni ni kwamba lugha ya kweli haina mwanzilishi. Hoja hiyo ina uzito ikiwa ni kuhusu asili, lakini haina uzito ikiwa ni kuhusu uhai. Wako watoto waliolelewa kwa Kiesperanto tangu kuzaliwa, na kwao hiyo ni lugha ya nyumbani. Hoja ya mashabiki kwamba lugha hiyo haina upande haisimami pia, kwa kuwa silabi zake, yambwa yake na jinsia zake zina anwani ya kijiografia. Kutokuwa na taifa hakumaanishi kutokuwa na chimbuko.

Linalobaki ndilo lenye faida kwetu. Mpangaji wa lugha ana uwezo wa kupendekeza, lakini uwezo wa kuthibitisha uko kwa wasemaji. Kiswahili kimeliona hilo. "Tarakilishi" na "ngamizi" zilipendekezwa, nazo zina silabi wazi zinazopendeza sikio la Kibantu. Hata hivyo, watu wengi wamelishika "kompyuta", neno lenye mfuatano wa konsonanti ambao mpangaji makini asingeuchagua. Si haki kusema kwamba "tarakilishi" ni bandia na "kompyuta" ni asilia. Yote mawili yaliingizwa. Tofauti iko katika nani aliyatumia, wapi, na kwa shughuli gani.

Hitimisho

Yafaa basi idara za Kiswahili zizipe lugha za kubuni nafasi ndogo lakini ya kudumu katika kozi za fonolojia, mofolojia na upangaji wa lugha. Hazipewi nafasi hiyo ili zishindane na lugha zetu, bali kwa kuwa ni nadra mwanaisimu kupata lugha ambayo tarehe ya kuanza kwake, sheria zake za awali na mabadiliko yake yote yamo katika maandishi. Yafaa pia vyombo vya istilahi virudi kwa wasemaji kila baada ya muda na kuhesabu ni maneno gani yaliyosimama na yapi yaliyoanguka, na kwa sababu zipi za sauti, maumbo na mazingira. Orodha ya istilahi ambayo haijapimwa kwa namna hiyo bado ni pendekezo tu, hata kama imepigwa muhuri.