ACHENI KUMUITA 'HENDSAM' MUUAJI WA VIJANA 17!

Tangu ile tamthilia ya Netflix itoke Septemba 2022, kuna mashabiki wamejaa TikTok wanamsifia yule muuaji wa Milwaukee, Marekani. Eti hendsam. Eti ana akili za ajabu, ndiyo maana aliua kuanzia 1978 mpaka 1991 bila kukamatwa.

Jamani, akili gani?

Mei 27, 1991 mtoto wa miaka 14, familia yake wakimbizi kutoka Laos, alimtoroka. Akatokea mtaani uchi, anavuja damu, hajielewi kwa madawa aliyowekewa. Wasichana wawili weusi wakamuona, wakaita msaada. Polisi walipofika, jamaa akawaambia huyo ni mpenzi wake, ana miaka 19, kalewa tu. Wakamuamini! Wakamrudisha mtoto mpaka ndani, na chumbani kulikuwa na maiti ya mtu mwingine. Hawakuangalia.

Wangecheki rekodi tu wangekuta jamaa yuko nje kwa masharti, baada ya kumdhalilisha mtoto mwingine. Na mtoto mwenyewe alikuwa kaka yake huyo huyo waliyemrudisha!

Mama wa mmoja wa wale wasichana akapiga simu kuulizia, akisisitiza kuwa yule ni mtoto. Akajibiwa ni mtu mzima, yameisha. Mtoto akauawa. Wakafuata wengine wanne.

Hata kukamatwa kwake, Julai 22, hakukutokana na upelelezi wowote. Kijana mmoja alichoropoka na pingu mkononi, akawasimamisha polisi barabarani. Wale askari wawili wa Mei walifukuzwa, kisha mahakama ikawarudisha kazini. Mmoja baadaye akawa rais wa chama cha polisi wa jiji hilo.

Kwa hiyo hakuna cha akili hapo. Ni mzungu mwenye sauti ya upole aliyeaminiwa kuliko wanawake weusi waliosema ukweli. Wengi aliowaua walikuwa weusi, na polisi hawakujisumbua.

Halafu kuna watu wanavaa kama yeye kwenye sherehe za Halloween! Dada wa marehemu mmoja alisema hakuna aliyemtafuta kabla uchungu wake mahakamani haujaigizwa kwenye tamthilia ile. Wao wanalia, nyie mnaweka vikopakopa.

Haya, shabiki wa jamaa: jina lake unalijua, miwani yake unaijua. Taja jina la marehemu mmoja tu kati ya wale 17, bila kugugo.

Umekwama, eeh? Wadau, mnasemaje? Tiririka hapo chini.