Sheria Ishuke Hadi kwa Mpangaji

Ndugu zangu wa Tanga, na wa hapa Minnesota pia, wamekwisha kunipangia kazi: nikimaliza shahada ya sheria niwe wakili wa makampuni makubwa katikati ya Minneapolis. Nawaheshimu, maana ndio walionichangia ada. Lakini mimi nataka kuwatetea wapangaji, na baada ya hapo nigombee udiwani Brooklyn Park. Nawaomba wanisikilize.

Sababu ya kwanza ni kitabu. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, tulifundishwa shuleni kama fumbo la ukoloni; tukajibu mtihani, tukakiweka kando. Nilikirudia nikiwa mwanafunzi wa sheria hapa Saint Paul, ndipo shtaka lenyewe likanigusa. Mhusika mkuu, Karama, hakuiba wala hakuua. Kosa lake ni kutaka watu wajifunze uanasheria. Waziri Majivuno anaona ujuzi huo ni hatari kwa nchi, na Karama anajitetea kwa siku sita mbele ya mfalme. Katika yote niliyosomeshwa huku, sijaona kilichonieleza kazi ya wakili vizuri zaidi ya hapo.

Hata taarabu naipenda kwa jicho hilohilo. Siti binti Saad aliimba habari za Kijiti, muuaji aliyetoroka huku mashahidi wakiadhibiwa, na watu wa Ng'ambo, Unguja, wakapata pa kuzungumzia mahakama za wakubwa.

Minnesota nayo ina mtu wangu. Walter Mondale alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo hili, Florida iliyaomba majimbo mengine yaiunge mkono katika kesi ya mshtakiwa aitwaye Gideon, ili isilazimike kumpa wakili mshtakiwa asiye na fedha. Mondale alikataa, tena akasaidia kukusanya majimbo zaidi ya 20 upande wa Gideon. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa Gideon ushindi.

Ushindi huo, hata hivyo, ni wa kesi za jinai. Mama anayetolewa na watoto wake kwenye nyumba kwa kudaiwa kodi, kwa kawaida hapewi wakili, na mimi naona hiyo ni dhuluma. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba hapa Minnesota lazima atoe notisi ya siku 14 kabla ya kufungua kesi ya kodi. Barua hiyo inatakiwa itaje deni na imweleze mpangaji aende wapi kupata msaada wa kisheria. Ni sheria nzuri. Lakini kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku kuuguza wazee, asiyesoma Kiingereza vizuri, ni bahasha nyingine juu ya meza, na siku zinakwisha ikiwa haijafunguliwa. Nataka kuwa wakili anayeifungua bahasha hiyo siku ya kwanza na kumsomea kwa Kiswahili.

Udiwani nautaka kwa sababu baraza la jiji ndilo linaloamua mambo mengi ya nyumba na mitaa tunayoishi. Mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kutoka Brooklyn Park kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo. Tulishangilia, na ilistahili. Ila kwenye sherehe zetu bado tunabishana hadi usiku wa manane juu ya Dodoma na Nairobi, na diwani wa mtaa wetu wengi hatumjui hata kwa jina.

Basi nawaomba, ndugu zangu mliokwisha kupata uraia: jiandikisheni. Siku ya kura, mchukue na jirani mwenye haki ya kupiga kura ambaye hana hati ya kuonyesha anakoishi. Kama mnapiga kura kituo kimoja na unajua kweli anaishi hapo, sheria ya Minnesota inakuruhusu kumthibitisha kwa kiapo, yeye na wengine, hadi watu wanane.