Mkono wa pili hufundishwa mapema: somo la kriketi kwa vijana wa Makobola

Makobola, kando ya barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka, ni vigumu kumpata mtu mzima mwenye kazi moja tu. Mvuvi anayevua ndagala usiku kwa taa ndiye huyo huyo anayeonekana asubuhi akipanda mlima kwenda shamba la mihogo. Mwezi unapojaa, mwanga wa taa hauvuti samaki tena, na wavuvi hubaki nchi kavu. Juu ya hayo, nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilikubaliana kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, kutoka katikati ya mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa nane, ili samaki wapate kuzaliana. Mwenye kazi moja huvuka miezi hiyo kwa madeni.

Wakaaji wengi wa Kivu Kusini huita maisha ya namna hii kujidebruya. Wengine hutaja kwa kicheko ile Artikeli ya 15, ambayo kila Mkongomani anaijua ingawa hakuna aliyeisoma katika kitabu cha sheria: kila mtu ajitafutie njia. Lakini kujidebruya na kuwa na ujuzi wa pili ni mambo mawili tofauti. Anayejidebruya huanza kujifunza kazi siku shida imekwisha kufika. Mwenye ujuzi wa pili alijifunza kabla. Mchezo mmoja ambao karibu haujulikani kando ya ziwa hili unaonyesha tofauti hiyo wazi kuliko mpira wa miguu. Mchezo huo ni kriketi.

Katika mpira wa miguu, kipa akitolewa kwa kadi nyekundu na nafasi za kubadilisha wachezaji zikiwa zimekwisha, beki mmoja huvaa glavu na kusimama golini. Watu hucheka, beki huomba Mungu, na mara nyingi bao huingia. Huko ndiko kujidebruya. Katika kriketi, jambo hilo haliachwi kwa bahati, kwa sababu sheria yenyewe inalazimisha timu kuwa na watu wa mkono wa pili.

Timu ya kriketi ina watu 11. Mrushaji hurusha mpira kuelekea vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi, na mpigaji mwenye gongo huvilinda na kutafuta mikimbio, yaani pointi. Mpigaji akitolewa, husemwa kwamba mrushaji amechukua wiketi. Mipira sita ni ova moja. Katika mechi za siku moja kati ya mataifa, kila timu hurusha ova 50, na hakuna mrushaji anayeruhusiwa kupita ova 10. Hesabu ni rahisi: timu lazima iwe na warushaji watano au zaidi. Lakini ikijaza warushaji watupu, haitakuwa na wapigaji wa kutosha. Ndiyo maana mara nyingi sehemu ya ova hizo hupewa mtu aliyechaguliwa kwa sababu ya gongo lake, ila anajua pia kurusha. Huyo ndiye mrushaji wa ziada.

Dunia imewaona wengi wa aina hiyo. Allan Border, nahodha wa Australia, alikuwa mpigaji. Katika mechi 156 za Test, zile ndefu za siku tano, alichukua wiketi 39 tu. Lakini mwezi wa kwanza mwaka 1989, huko Sydney dhidi ya West Indies, alichukua wiketi 11 katika mechi moja. Zaidi ya robo ya mavuno ya maisha yake yote yalitoka katika siku hizo chache. Sachin Tendulkar wa India, ambaye watu wengi humhesabu kati ya wapigaji wakubwa kuliko wote, alipewa ova ya mwisho katika nusu fainali ya kombe la Hero mjini Kolkata, mwezi wa 11 mwaka 1993. Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 6 tu. Tendulkar, kijana wa miaka 20, aliwapa 3, na India ikashinda.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na Makobola hauko Sydney wala Kolkata. Uko Kenya.

Tarehe 29 mwezi wa pili mwaka 1996, katika Kombe la Dunia, Kenya ilikutana na West Indies mjini Pune, India. West Indies walikuwa wamebeba kombe hilo mara mbili, mwaka 1975 na 1979, na walikuwa na Brian Lara. Kenya ilipata mikimbio 166, na wengi waliona kwamba mechi imekwisha hapo. Ndipo nahodha Maurice Odumbe, mtu wa kupiga kwanza na kurusha baadaye, alipochukua mpira mwenyewe. Alirusha ova zake zote 10, mipira 60, akatoa mikimbio 15 tu na kuchukua wiketi 3. West Indies waliishia mikimbio 93. Odumbe akatajwa kuwa mchezaji bora wa mechi.

Miaka saba baadaye, katika Kombe la Dunia la 2003, Odumbe alirudia kazi hiyo mjini Johannesburg dhidi ya Bangladesh: mikimbio 52 bila kutolewa, kisha wiketi 4. Steve Tikolo, nahodha wa mwaka huo na mpigaji mkubwa kuliko wote wa Kenya, alikuwa naye wa aina hiyo. Alijulikana kwa gongo, lakini alimaliza maisha yake ya mechi za siku moja akiwa na wiketi zaidi ya 90. Kenya ilifika nusu fainali mwaka huo. Hakuna timu nyingine ya Afrika Mashariki iliyowahi kufika hapo.

Mtu anaweza kusema kwamba ilikuwa bahati. Lakini bahati haidumu ova 10. Mkono uliorusha Pune ulikuwa umerusha mara nyingi mazoezini, siku ambazo hakuna aliyekuwa akitazama. Odumbe hakujifunza kurusha siku ile West Indies walipokuwa mbele yake.

Habari ya Collins Obuya inafundisha zaidi. Tarehe 24 mwezi wa pili mwaka 2003, jijini Nairobi, Obuya aliiangusha Sri Lanka kwa kuchukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Wakati huo alikuwa mrushaji kabisa. Baadaye urushaji wake ulipungua nguvu, na wengi wangerudi nyumbani. Obuya alikazana na gongo. Mwaka 2011, mjini Bangalore, alisimama mbele ya Australia akapata mikimbio 98 bila kutolewa. Mkono wa pili ulikuwa umegeuka kuwa wa kwanza.

Wazee wana neno la kupinga haya: mshika mbili, moja humponyoka. Ni neno la kweli kwa anayeshika mbili kwa wakati mmoja. Mrushaji wa ziada hafanyi hivyo. Anajua kazi yake ya kwanza ni ipi, na ya pili anaitunza ikingoja saa yake. Mvuvi anayejua kutengeneza mashine ya mtumbwi haachi kuvua. Siku ziwa linapofungwa, huyo bado ana mlango mwingine wa kubisha.

Hata hivyo, hadithi ya Kenya ina upande wa pili, na viongozi ndio wanaopaswa kuusikia kwanza. Odumbe mwenyewe alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa sababu ya kupokea pesa za watu wa kamari. Na baada ya nusu fainali ile, Kenya haikulea kizazi kipya cha kutosha. Mwaka 2011 Tikolo alikuwa bado uwanjani akiwa na miaka 39, na timu ilipoteza mechi zake zote sita za Kombe la Dunia. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake katika mechi za siku moja za kimataifa. Watu wa ziada walikuwa wameifikisha mbali, lakini hawakuweza kushika nafasi ya msingi uliokosekana. Kiraka huokoa nguo. Hakigeuki kuwa nguo mpya.

Hapo ndipo somo linapogusa Makobola moja kwa moja. Mwalimu anayelima ili watoto wake wale anasifiwa kwa uvumilivu. Kijana mwenye diploma anayebeba watu kwa pikipiki anasifiwa kwa kutokuwa mvivu. Sifa hizo ni za haki, lakini zisiwe pazia la kuficha deni la wengine. Mshahara wa mwalimu ni ova ambazo serikali inapaswa kurusha yenyewe. Barabara nayo ni hivyo hivyo. Kuwaambia wakaaji wajidebruye, mwaka baada ya mwaka, ni kumfanya mrushaji wa ziada arushe ova zote 50. Hata sheria ya kriketi haikubali hilo.

Kwa upande wa vijana, kazi inaweza kuanza bila kungoja mtu. Makocha wanaofundisha watoto kwenye mchanga wa ziwa waache kumfungia mtoto wa miaka 10 katika nafasi moja. Mshambuliaji adake mpira mara moja kwa juma, kipa naye ajifunze kupiga pasi. Gharama yake ni saa moja tu. Wazazi nao, mtoto anapoanza kwenda ziwani, wamtafutie fundi wa kumfundisha kazi nyingine: kushona, kuunda mitumbwi, kutengeneza mashine. Na miezi mitatu ya kufunga uvuvi ijulikane kwamba inakuja kila mwaka. Kinachojulikana tarehe yake hakipaswi kumshangaza mtu. Viongozi wa eneo, makanisa na vyama vya wavuvi wana miezi tisa ya kupanga mafunzo kabla ya mitumbwi kupandishwa ufukweni.

Huenda hakuna mtoto wa Makobola atakayeshika gongo la kriketi maishani mwake. Haidhuru. Siku ya Pune, Odumbe alipookota mpira, kilichomsaidia kilikuwa kimekwisha kufanyika miaka mingi nyuma. Makobola nayo ina siku zake ngumu, na tarehe za nyingine zinajulikana tangu sasa. Mikono ya pili ifundishwe kabla hazijafika.