Takwimu Ubaoni

Mjadala wa elimu ya afya ya uzazi shuleni huendeshwa zaidi kwa hofu, ilhali ushahidi upo, tena wa karibu. Katika utafiti wa mwanauchumi Pascaline Dupas magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, shule za msingi 328 ziligawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, yaani kwa njia ya kura, ili matokeo yalinganishwe bila upendeleo. Pale walimu walipofunzwa mtaala wa kitaifa uliosisitiza kujizuia hadi ndoa, mimba za wasichana hazikupungua. Lakini pale wanafunzi wa darasa la nane walipoandikiwa ubaoni, katika kipindi kimoja cha dakika 40, viwango vya maambukizi ya VVU mjini Kisumu kwa umri na jinsia, wakaona kwamba wanaume watu wazima wameambukizwa zaidi kuliko wavulana wa rika lao, mimba zilipungua kwa asilimia 28. Wasichana hao waliaminiwa kuupokea ukweli, na inasikitisha mno kwamba wenzao wengi bado wananyimwa. Mradi wa elimu ya afya ya uzazi wa MEMA kwa Vijana mkoani Mwanza, Tanzania, kwa upande wake, uliongeza maarifa bila kupunguza maambukizi, huenda kwa kuwa mila na umaskini vilivyomzunguka kijana kijijini havikubadilika.